Hakuna Mji Uliofagiwa kwa Ajili Yako

Kila Desemba, mbuzi akishachinjwa na birika la chai likishazunguka mara ya pili, swali hurudi lile lile. Khocha, yaani mjomba wangu, ambaye amepanga Kayole, Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini, anaweka kikombe chini ya kiti, anapangusa mdomo, kisha ananigeukia. "Mpwa wangu, wewe ndiye unaishi huku. Nikitoka Nairobi, nikae Kitale au Bungoma?"

Kabla sijafungua mdomo, boma lote limeshajibu. Kitale, ni wazi! Hewa baridi, watu watulivu, mji una mpango, mtoto anakwenda shule bila kushikwa mkono. Bungoma ni vumbi, malori, kelele za boda boda na vijana wa kona. Shangazi mmoja huteta kidogo: afadhali Bungoma, kwenu ni kwenu, Kitale ni mji wa kila mtu kwa hiyo si wa mtu. Lakini hata yeye na wale anaobishana nao wamekubaliana jambo moja bila kulitamka, kwamba mji ni kama shati la mitumba. Unalikung'uta, unalinusa, unatazama kola, ukiridhika unalipa na kwenda nalo.

Nimeishi pande zote mbili. Nilikulia Bungoma, nikahamia Kitale mwaka 2011 kwa sababu zile zile zinazotajwa na boma. Na baada ya miaka yote hii nasema boma lote limekosea, shangazi akiwemo. Hakuna mji safi, salama na wenye utaratibu unaomngoja mtu aje akae. Kuna miji ambayo wakazi wake huifagia, na kuna ile ambayo wakazi wake hungoja ifagiwe. Anayehama kwa nia ya kustarehe tu huongeza idadi ya wanaongoja.

Tuanze na ushahidi wa macho, maana ndio unaotegemewa zaidi. Dalali wa ploti anajua kazi yake. Mteja akishuka kutoka basi la usiku, hupokewa stejini, hunyweshwa chai, kisha hupitishwa Milimani penye miti mikubwa na nyua za kayaba zilizokatwa sawasawa, halafu kando ya uwanja wa gofu wa Kitale Club. Mteja anapiga picha, anawatumia jamaa, na kabla ya saa sita mchana ameshalipa arbuni. Hapelekwi Kipsongo, ambako familia za Waturkana waliokimbia njaa na wizi wa mifugo zimelea watoto, na watoto wa watoto, ndani ya vibanda vya nailoni na matambara. Hapitishwi Tuwan wala Matisi asubuhi baada ya mvua, wakati maji ya mtaro na maji ya choo yameshakuwa kitu kimoja. Hasimamishwi karibu na soko jioni aone chokoraa wa miaka kumi akiwa na chupa ya gamu puani. Mji wa Kitale unaosifiwa Nairobi una barabara tatu tu.

Na mji wa Bungoma unaotukanwa ni njia panda moja. Abiria anayepita Kanduyi kuelekea Malaba anaona foleni ya malori, mafuta meusi ardhini na moshi wa mahindi ya kuchoma, naye anahitimisha kwamba kaunti nzima iko hivyo. Hajashuka garini. Hajui kwamba nyuma ya yale malori kuna vichochoro ambavyo akina mama huvifagia alfajiri kwa fagio la matawi, kila mmoja mbele ya mlango wake na hatua mbili mbele ya mlango wa jirani. Mji mmoja umehukumiwa kwa uso wake mzuri, mwingine kwa kisigino chake.

Wengine husema, "Lakini Kitale kuna nafasi." Ilikuwepo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Trans Nzoia, karibu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na 1,670,570 katika Bungoma, zaidi ya 550 kwa kilomita. Tofauti ipo, ila inapungua kwa mikono ya hao hao wanaoikimbilia. Ardhi hii nyekundu ndiyo inayoifanya Trans Nzoia iitwe ghala la nchi, na hapa Kitale ndipo Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1956. Leo shamba lililokuwa likitoa magunia ya mahindi linakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, linapandwa mabati na vigingi, na bango linasema "mazingira tulivu". Utulivu huo ni wa mahindi. Mahindi yakiisha, nao umekwisha.

Kuna hoja ya wazee, nayo ina utamu wake: zamani Kitale iling'aa. Reli ilifika mwaka 1926, maduka yakapangwa mstari, barabara zikafagiwa, na mtu hakutupa ganda la ndizi ovyo. Ni kweli iling'aa. Lakini tuulize iling'aa kwa nani na kwa jasho la nani. Utaratibu ule ulishikiliwa na kitambulisho cha kipande kilichoning'inia shingoni mwa Mwafrika, na sheria ya mwaka 1918 iliyomtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake ilipoanza Kapenguria mwishoni mwa 1952, mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, iliwabidi walale Kitale, kwa kuwa Kapenguria hapakuwa na hoteli. Ubaguzi wa rangi uliwazuia hata kuketi pamoja, Mzungu na Mhindi na Mwafrika, mezani kwenye hoteli ya mji huo safi. Babu zetu walioshika fagio hawakuruhusiwa kuishi kwenye barabara walizozifagia. Anayetamani utaratibu ule aseme kwanza angekuwa upande gani wa fagio.

Sasa usalama, hoja nzito kuliko zote. Khocha amewahi kuporwa simu mara tatu Nairobi, mara moja kwa kisu. Siwezi kumcheka. Lakini anaposema "Kitale ni amani", namuuliza amani ya mwaka gani. Kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi 1993 nyumba zilichomwa Endebess na Saboti, majirani waliokuwa wakiazimana jembe wakakimbizana kwa mishale. Baada ya uchaguzi wa 2007, waliofurushwa walipiga hema Kitale. Katikati ya vipindi hivyo viwili ukaiva mgogoro wa Mlima Elgon, upande wa Bungoma: mpango wa makazi wa Chebyuk uliogawa ardhi, ukaufuta mgawo, ukaigawa upya, hadi kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) likashika bunduki mwaka 2006. Zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo. Machi 2008 serikali ikatuma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na wananchi waliokuwa wameteswa na kundi wakajikuta, kwa maelfu, wakiteswa na waliokuja kuwaokoa.

Siyataji haya ili kumtisha mtu. Kwa sasa ninalala usingizi mzuri. Nayataja kwa sababu yanaonyesha usalama wa huku unatoka wapi. Haukuvunjika kwa kukosa kituo cha polisi wala kwa kukosa taa za barabarani. Ulivunjika pale ambapo mtu mmoja alikuwa na karatasi ya ardhi na mwingine ana kaburi la babu yake juu ya ardhi hiyo hiyo. Na ndiyo maana mhamiaji anayeruka kutoka benki hadi kwa dalali bila kupita kwa jirani huwa ananunua vita kwa bei ya punguzo.

Mashamba mengi ya Trans Nzoia yalitoka kwa walowezi yakanunuliwa kwa michango, kupitia vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Hadi leo kuna mashamba ambayo wenye hisa wamezaa na kuzika hapo, ilhali hati iliyopo ni moja, ya shamba zima. Dalali atakuonyesha cheti cha hisa na kukuapia kwamba hati "iko njiani". Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na idhini isipoombwa ndani ya miezi sita, mauziano yale ni hewa mbele ya sheria. Ardhi ikiwa mali ya ndoa, mke wa muuzaji naye lazima aridhie. Mambo haya hujulikana na mzee wa kijiji, na mama anayelima akipakana na ploti hiyo, na fundi wa baiskeli wa pale kona. Wao ndio rejista ya kwanza. Mtu asiye na muda wa kunywa chai na hao watatu hana haja ya kuuliza kuhusu usalama, maana ameshaukataa.

Najua jibu linalokuja: "Mwalimu, wewe unatafuta makosa. Tofauti ipo. Nairobi nalala na simu chini ya mto, huku nalala mlango wazi." Nakubali tofauti ipo. Nakubali kwamba mama aliyechoka kuhofia risasi mtaani ana haki ya kuhama kesho asubuhi bila kusomewa makala na mtu yeyote. Katiba ya 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, na shangazi anayesema "kwenu ni kwenu" anapaswa kukumbuka kwamba wazo hilo hilo ndilo lililokuwa kwenye vikaratasi vya kuwafukuza watu mwaka 1992. Haki ya kuhama siibishii. Ninachokikataa ni dhana kwamba kuhama kwenyewe ndiyo kazi, na ukishashusha godoro umemaliza.

Nilidhani hivyo pia. Nilipojenga Kitale nilikuja na hofu yangu yote ndani ya lori, nikaishusha pamoja na viti. Nikaagiza ukuta wa mawe wa futi nane na vigae vya chupa juu yake. Fundi alipofika upande wa chini wa ploti akaniita. Palikuwa na mtaro mdogo wa udongo, upana wa jembe moja, ukitoka mitaa ya juu. "Mwalimu, huu nauachia njia wapi?" Nikamwambia, "Ziba. Hapa ni kwangu." Akaniangalia kidogo, akaziba.

Aprili mvua ikaja. Usiku wa tatu nilisikia mtu akigonga geti kwa kitu cha chuma. Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa jirani wa chini, mjane anayepika mandazi, amesimama kwenye mvua na kikaango mkononi, leso imemganda kichwani. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwalimu, maji yako yamelala kwangu." Nilipokwenda asubuhi, unga wake ulikuwa uji, magodoro ya watoto yameegemezwa ukutani yakichuruzika, na mstari wa matope ulizunguka nyumba nzima sawa na goti langu. Mimi niliyehama kutafuta mahali safi ndiye niliyekuwa uchafu wa mtaa ule. Na kwa aibu naandika kwamba ilinichukua miezi miwili kutoboa ukuta wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naingojea kaunti ije ichimbe mtaro mwingine.

Sasa panua ukuta ule. Mto Nzoia huanzia Elgon na Cherangani, hupita kando ya mashamba ya Trans Nzoia, hukusanya vijito vyetu na vyote tulivyovitupa humo, kisha huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole, Webuye, ndani ya Bungoma. Kwa miaka mingi kampuni moja ya maji, Nzowasco, ilihudumia Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma pamoja. Halafu tunaketi kwenye sherehe na kuuliza upi kati ya miji hiyo ni msafi! Tunalinganisha mdomo na koo.

Webuye yenyewe ina somo ambalo wahamiaji hawapendi kulisikia. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilipoanza kazi katika miaka ya sabini, Webuye ndio uliokuwa mji wa kuhamia: nyumba za kampuni zilizopangwa, mshahara wa uhakika, king'ora kilichoamsha mji mzima kwa wakati mmoja. Harufu ya kiwanda ilikuwa ikikupokea kabla ya mji wenyewe, na mabati ya mapaa yalitoboka kwa moshi wake, lakini watu walisema hiyo ni harufu ya pesa. Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Baada ya king'ora kunyamaza, ilionekana kwamba utaratibu ule haukuwa wa wakazi. Ulikuwa wa kampuni, na kampuni ilipokwenda ulikwenda nayo. Mji ambao usafi wake unafanywa na mtu mwingine kwa niaba yako una siku zake za kuhesabiwa.

Je, usafi hutoka wapi basi, kama haupatikani kwa kubadilisha makazi? Tumeuona ukija kwa macho yetu. Tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima, faini ikafika shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Wiki hiyo hakuna aliyehama. Mama mboga wa soko la Chepkube, Bungoma, na mama mboga wa Kitale walianza kufunga sukuma kwa gazeti siku moja. Ile mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye nyaya na kuziba mitaro ilitoweka Kitale, ikatoweka Bungoma. Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, mwaka 2004, sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliifanya matatu ya nchi hii, gari la fujo kuliko yote, ibebe watu kwa idadi na kila abiria na mkanda wake. Nazo zikafifia, kwa sababu sisi abiria tulikubali kukaa wanne kwenye kiti cha watatu ili tufike haraka. Sheria huleta utaratibu. Wanaopaswa kuushika wasipoushika, hurudi ulikotoka.

Kuna wanaoniambia, "Lakini tazama Kigali!" Nimechoka na Kigali ya wasafiri wa siku tatu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wa Rwanda hutoka kwa umuganda: wanafyeka, wanachimba mitaro, kisha wanaketi kwa mkutano wa mtaa. Unaweza kubishana na namna serikali ile inavyowahimiza, nami ningebishana. Lakini huwezi kusifu barabara za Kigali ukiwa umelala Jumamosi hiyo hadi saa nne.

Huku kwetu twapenda kucheka kuliko kuchimba. Ilipofichuka mwaka 2015 kwamba kaunti ya Bungoma ilinunua wilibaro kumi kwa shilingi 109,320 kila moja, nchi nzima ilicheka mwezi mzima, na watu wa Kitale tulicheka kuliko wote. Wengi waliongeza kichekesho hicho kwenye orodha ya sababu za kuihama Bungoma. Mimi nakisoma kinyume. Bei ile ilijulikana kwa sababu kuna mtu alifungua vitabu vya hesabu akasoma mstari kwa mstari. Hapo ndipo utaratibu unapoanza, penye karatasi zinazochosha. Kabla ya kila bajeti, kaunti huita wananchi watoe maoni. Nimehudhuria mikutano hiyo. Safu za mbele huwa na wazee na akina mama wa vikundi. Wenye nyumba za ghorofa na kuta za futi nane siwaoni. Wao hutoa maoni yao Desemba, juu ya mbuzi.

Na hapa ndipo ugonjwa wetu ulipo. Tunaishi Kitale, tunapiga kura Bungoma, tunalipia kodi ya nyumba Nairobi, na tumeshawaambia watoto tuzikwe kwa babu. Kila mahali tuko kidogo, hatuko popote kwa ukamilifu. Mwenye nyumba hajui jina la mzee wa mtaa, mpangaji anasema yeye ni wa kupita, na lundo la taka lililo kati yao halina mwenyewe. Wahenga walishalimaliza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa wageni wa miaka kumi na mitano, na bado tunasubiri kukaribishwa.

Kwa hiyo khocha, Desemba hii usiniulize Kitale au Bungoma. Njoo na majibu ya maswali yangu matatu. Maji yakitoka getini kwako yataingia kwa nani? Nani alilima ardhi hiyo kabla yako, na je, majirani wanakubali kwamba aliiuza? Na mwaka 2027 utapigia kura wapi, huko unakolala au huko unakotoka?

Ukiwa na majibu, Kitale ni pazuri. Na Bungoma vilevile.